Tumbo Kujaa Gesi: Kabla ya Kuyafukuza Maharage

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtu akilalamika kwamba tumbo limemjaa gesi, hukumu hutoka kabla ya swali. Anaambiwa aache maharage. Akirudi na lalamiko lile lile, orodha inaongezwa: aache kabichi, aache maziwa, aache mihogo, asiguse kunde wala mbaazi. Mwisho anabaki na wali mweupe na chai ya rangi, na tumbo bado linavimba kila jioni. Mwingine hapitii jikoni. Anakwenda moja kwa moja duka la dawa, anataja gesi, na kabla hajaeleza zaidi anapewa vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo. Vikiisha ananunua vingine, na mwaka unakatika.

Njia hizi mbili zinaonekana tofauti, lakini kosa lake ni moja. Zinachukua dalili yenye vyanzo vingi na kuibebesha chanzo kimoja. Tumbo linaweza kujaa kwa sababu gesi inatengenezwa kwa wingi, au kwa sababu kiasi cha kawaida kimekwama njiani, au kwa sababu utumbo unahisi kupita kiasi kile ambacho mtu mwingine hakisikii kabisa. Linaweza pia kujaa kitu kisicho gesi: kinyesi, maji, au uvimbe. Kila hali ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Msimamo wa makala haya ni kwamba gesi nyingi tunayoilalamikia ni kazi ya kawaida ya utumbo wenye afya, na kwamba vyakula vinavyoileta mara nyingi ndivyo vinavyoujenga mwili kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Kuvifukuza mezani bila uchunguzi ni hasara. Kupuuza dalili za ugonjwa kwa kuziita gesi ni hasara kubwa zaidi.

Gesi inatoka wapi

Gesi huingia tumboni kwa njia tatu. Ya kwanza ni mdomo: kila tonge na kila funda la maji hushuka na hewa kidogo, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hurudi juu mtu anapobeua. Ya pili ni kemia ya mwili wenyewe. Asidi ya tumbo inapokutana na bikaboneti inayotoka kwenye kongosho, hutokea kabonidayoksaidi nyingi, lakini karibu yote hufyonzwa na damu na kutoka kwa pumzi. Njia ya tatu, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi, ni uchachukaji unaofanyika katika utumbo mpana. Humo wanaishi bakteria kwa matrilioni, na riziki yao ni kile ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya au kukifyonza. Wakila, hutoa haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani.

Kiasi chenyewe si kikubwa kama tunavyodhani. Kwa wakati wowote, utumbo wa mtu mzima mwenye afya huwa na takriban mililita 200 tu za gesi. Kinachotoka kwa siku ndicho kingi. Mwaka 1991, watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya kupima gesi ya watu 10 wenye afya waliokula chakula chao cha kawaida pamoja na gramu 200 za maharage ya kopo kwa siku. Ndani ya saa 24 walitoa kati ya mililita 476 na 1,491. Mtu wa katikati alitoa 705. Wanawake na wanaume hawakutofautiana. Walipolishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi, gesi ilishuka hadi kiasi cha mililita 200 hivi kwa siku.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Watu wenye afya, kwa mlo unaokaribiana, wanaweza kuzidiana mara tatu bila yeyote kati yao kuwa mgonjwa. Na gesi hufuata chakula cha bakteria: wakinyimwa nyuzinyuzi, hunyamaza. Kwa hiyo mtu anayetoa hewa mara 10 hadi 20 kwa siku yuko ndani ya kawaida, hata kama anaona aibu.

Harufu ni jambo jingine tena. Zaidi ya asilimia 99 ya gesi hiyo haina harufu yoyote. Kinachonuka ni chembe kidogo za misombo ya salfa, ambayo hutokana na vyakula kama mayai, nyama, kabichi na vitunguu. Ndiyo maana ushuzi wa maharage unaweza kuwa mwingi na usinuke sana, na wa mayai ukawa kidogo na ukafukuza watu chumbani. Ukali wa harufu haupimi wingi wa gesi, wala hauonyeshi kwamba kuna kitu kinaoza tumboni.

Utumbo pia una njia yake ya kupunguza mzigo. Kuna viumbe vidogo vinavyokula haidrojeni na kuigeuza methani. Molekuli nne za haidrojeni na moja ya kabonidayoksaidi huishia kuwa moja tu ya methani, na ujazo hupungua sana. Hata hivyo watu wenye methani nyingi mara nyingi huwa na utumbo unaokwenda polepole na choo kigumu. Hivyo mtu anaweza kuwa na gesi kidogo na tumbo lililojaa zaidi.

Kesi ya maharage

Maharage, kunde, mbaazi, choroko na dengu vina sukari za kundi la rafinosi na stakiosi. Ili kuzivunja, kinahitajika kimeng'enya ambacho utumbo mwembamba wa binadamu haukitengenezi. Hakuna aliyezaliwa nacho, awe wa Mbeya au wa Mombasa. Sukari hizo hupita nzima hadi utumbo mpana, na bakteria huzipokea kwa furaha. Gesi inayotokea si dalili ya mmeng'enyo mbovu. Ndivyo mwili ulivyoumbwa.

Bakteria hao hawatoi gesi tu. Hutengeneza pia asidi mafuta fupi, hasa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Umuhimu wa mlo huu uliwahi kuonwa hapa kwetu kabla ya kuvuma duniani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, na Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miaka mingi, waliona kwamba wanavijiji waliokula ndizi, mahindi, viazi na maharage kwa wingi hawakuwa na magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha ulinganisho wa uzito wa choo na muda unaotumiwa na chakula kupita tumboni, na jina la nyuzinyuzi likaingia katika mjadala wa afya wa dunia nzima. Leo tunaambiwa turudi kwenye mlo ule ule tunaoukimbia kwa kuogopa gesi.

Hofu yenyewe imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, Donna Winham na Andrea Hutchins, walichapisha matokeo ya majaribio matatu ambamo watu wazima walikula nusu kikombe cha jamii ya kunde kila siku kwa wiki kadhaa. Katika wiki ya kwanza, chini ya nusu ya waliokula maharage walisema gesi imeongezeka. Kwa waliokula kunde, ni asilimia 19 tu. Kadiri wiki zilivyokwenda, wengi wa walioona ongezeko hilo walirudi katika hali yao ya awali. Bakteria wa tumboni hubadilika kufuata mlo. Anayekula maharage mara moja kwa mwezi, sahani iliyofurika, atateseka kuliko anayekula vijiko vichache siku nne kwa wiki. Kwa mtu aliyeyaacha muda mrefu, njia nzuri ya kurudi ni kuanza na kiasi kidogo, kuanza na kunde au choroko, na kuongeza taratibu.

Jiko lina nafasi kubwa hapa. Sukari zinazoleta gesi huyeyuka katika maji, na moto peke yake hauzimalizi. Kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji yale na kupikia maji mapya hupunguza sehemu yake. Kuotesha hupunguza zaidi, kwa sababu mbegu inapochipua hutumia sukari hizo hizo kama nguvu ya kuanzia maisha; choroko zilizooteshwa siku moja au mbili huwa laini kwa tumbo. Mbegu nazo hutofautiana. Maharage ya njano yana sifa sokoni ya kuiva upesi na kutojaza tumbo, na sifa hiyo ndiyo sehemu ya bei yake.

Magadi yanahitaji maelezo ya peke yake. Wapishi wengi huyatia ili maharage yalainike haraka na kuokoa mkaa, na kweli maji yenye alkali huvunja ganda na kutoa baadhi ya sukari zile. Lakini yanaharibu vitamini B1, yanaongeza sodiamu kwa mtu ambaye huenda ana presha, na magadi ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania yamehusishwa na meno ya watoto kubadilika rangi kwa sababu ya floraidi. Kuloweka kunaokoa mkaa vilevile bila gharama hizo.

Kuna pia maharage yasiyoiva. Mkaa unapopanda bei, sufuria huepuliwa mapema. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini, protini inayochokoza ukuta wa utumbo. Anayekula maharage ambayo hayakuchemka sawasawa anaweza kutapika, kuharisha na kujaa tumbo ndani ya saa chache. Hiyo si gesi ya kawaida, na dawa yake ni kuchemsha maharage kwa moto mkali hadi yaive kabisa, si kuyaacha. Moto wa chini chini tangu mwanzo hauondoi lektini.

Maziwa na umri

Mtoto mchanga humeng'enya sukari ya maziwa, laktosi, kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa wanadamu wengi kimeng'enya hicho hupungua. Takriban theluthi mbili ya watu duniani wako hivyo, kwa hiyo hali hiyo isiitwe ugonjwa. Laktosi isiyovunjwa hufika utumbo mpana, huvuta maji, huchacha, na tumbo hunguruma, hujaa na wakati mwingine huharisha.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi wa watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba baadhi yao wanabaki na laktesi ukubwani kwa sababu ya badiliko la jeni tofauti na lile la Ulaya, lililojitokeza katika miaka elfu chache iliyopita na kuenea haraka pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Ndiyo maana watu wawili wa mtaa mmoja wa Arusha wanaweza kunywa maziwa ya ng'ombe mmoja, mmoja akashiba na mwingine akashikwa na tumbo. Tofauti iko katika urithi wao, na haihusiani na ubora wa maziwa.

Hata kwa asiye na laktesi ya kutosha, kiasi ndicho hakimu. Glasi moja ya maziwa ina laktosi kama gramu 12, na watu wengi wa aina hii huimudu wakiinywa pamoja na chakula. Chai ya maziwa huwa na pungufu ya hapo. Mtindi una laktosi iliyopungua, na bakteria wake husaidia kuivunja iliyobaki. Anayetaka kujua kama maziwa ndiyo tatizo aache maziwa freshi na ya unga kwa wiki mbili, kisha anywe glasi mbili kwa mkupuo asubuhi moja na kusikiliza tumbo lake. Mtihani huo unatoa jibu bora kuliko mwaka wa kukisia.

Wasiotajwa kwenye orodha

Mwaka 2005 Peter Gibson na Susan Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, waliweka pamoja sukari na wanga fupi zote zenye tabia moja: hazifyonzwi vizuri, huvuta maji, na huchacha haraka. Kundi hilo linajulikana kwa kifupi FODMAP. Faida yake kubwa ni kufichua vyakula ambavyo hakuna aliyevishuku.

Cha kwanza ni kitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu vimejaa fruktani, wanga ambao binadamu hana kimeng'enya cha kuuvunja, na katika mapishi yetu viko karibu kila mahali. Mtu analaumu maharage, kumbe maharage yale yalikaangiwa vitunguu viwili vizima na kuliwa na kachumbari. Fruktani huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Anayeteswa na vitunguu anaweza kuvikaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, kuviopoa kabla ya kutia nyanya, na ladha ikabaki. Majani mabichi ya kitunguu yana fruktani chache kuliko kichwa chake.

Cha pili ni ngano: chapati, maandazi, mkate, tambi. Ngano ina fruktani, na sehemu ya wanga wake haivunjwi kwenye utumbo mwembamba. Michael Levitt na wenzake wa Marekani, waliotumia miaka mingi kupima haidrojeni katika pumzi za watu, walionyesha kwamba kati ya nafaka na viazi walivyovijaribu, unga wa mchele ndio uliofyonzwa karibu wote. Kwa hiyo wali kweli ni rafiki wa tumbo linalojaa. Ugali wa mahindi nao hauna fruktani nyingi; mara nyingi shida hutoka kwenye mboga yake.

Cha tatu ni matunda. Embe, tikiti maji, tufaha na asali vina fruktosi inayozidi glukosi, na ziada hiyo hufyonzwa kwa shida. Msimu wa embe unapoingia na mtu akala manne kwa mkao mmoja, tumbo litasema. Ndizi mbichi na ile isiyoiva vizuri zina wanga sugu, yaani wanga usiovunjwa kirahisi. Wanga sugu huongezeka pia kwenye viazi, mihogo na wali uliopikwa na kupoa, kwa hiyo kiporo kinaweza kujaza tumbo kuliko chakula kile kile kilipokuwa moto. Chingamu na pipi zisizo na sukari hutiwa sobitoli, ambayo ni mchochezi mkali wa gesi.

Namna tunavyokula

Kuna watu ambao vyakula vyao havina kosa. Kosa liko katika mwendo. Anayemeza matonge makubwa kwa haraka kwa sababu muda wa chakula kazini ni mfupi humeza hewa nyingi. Anayetafuna chingamu siku nzima, anayevuta sigara, anayekunywa kwa mrija, na mwenye meno ya bandia yasiyokaa vizuri vilevile. Hawa hubeua sana kuliko wanavyotoa hewa kwa chini, na tofauti hiyo ni dokezo zuri: gesi ya juu kwa kawaida ni hewa iliyomezwa, gesi ya chini ni kazi ya bakteria.

Soda inastahili kutajwa kwa sababu wengi huinywa kama dawa. Chupa ya soda imeshindiliwa kabonidayoksaidi ambayo ikiachiwa huchukua nafasi ya ujazo wa chupa hiyo mara tatu hivi. Mtu hubeua na kupata nafuu, lakini sehemu kubwa ya alichobeua ni kile alichokunywa. Ndivyo ilivyo pia kwa poda zinazochemka kwenye maji.

Mafuta huongeza jambo lingine: hupunguza mwendo wa tumbo. Mbaazi za nazi na maandazi asubuhi, au pilau ya nyama nono usiku sana, hukaa tumboni muda mrefu, na shibe hugeuka kuvimbiwa. Mwezi wa Ramadhani huleta yote haya kwenye sinia moja. Baada ya mchana mzima wa kufunga, tumbo hupokea mihogo ya nazi, magimbi, mbaazi, kaimati na juisi ndani ya dakika chache. Desturi ya kufungua kwa tende na maji, kuswali magharibi, kisha kurudi kula kwa utulivu inalipa tumbo nafasi ya kuamka, na wanaoifuata hulala vizuri kuliko wanaomaliza sinia kwa mkupuo.

Kujaa bila gesi kuongezeka

Hapa ndipo uelewa wa kitaalamu umebadilika zaidi. Fernando Azpiroz na wenzake wa Barcelona walipiga picha matumbo ya watu waliolalamika kuvimba, na kwa wengi wao hawakukuta gesi ya ziada inayolingana na ukubwa wa tumbo. Walichokiona ni kwamba msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo ulikuwa umeshuka, na misuli ya mbele ya tumbo ikalegea, hivyo vilivyomo vikasukumwa mbele. Tumbo lilivimba kweli na kanzu ikabana kweli, lakini chanzo kilikuwa namna misuli inavyoitikia. Mafunzo ya kupumua na kudhibiti misuli hiyo yamewasaidia baadhi yao.

Wengine wana utumbo unaohisi kupita kiasi. Gesi ambayo jirani haisikii, kwao ni maumivu. Hawa mara nyingi wana hali ya utumbo wenye hisia kali, inayoambatana na maumivu yanayobadilika baada ya choo, na choo kinachogeuka kati ya kigumu na laini. Msongo wa mawazo huichochea, kwa kuwa ubongo na utumbo huwasiliana kwa neva muda wote. Kumwambia mtu huyu kwamba hana kitu ni kumwonea. Maumivu yake yapo.

Sababu ya kawaida sana na inayosahaulika sana ni choo kigumu. Utumbo uliojaa kinyesi cha siku nne hupitisha gesi kwa shida. Vidonge vya madini ya chuma kwa wajawazito, maji kidogo, kukaa sana na kuzuia haja kwa sababu choo cha shule au kazini hakifai, vyote huchangia. Wanawake wengi pia huvimba tumbo siku chache kabla ya hedhi, na ujauzito hupunguza mwendo wa utumbo. Dawa nazo zihesabiwe: metformini ya kisukari huleta gesi hasa mwanzoni, na laktulosi inayolainisha choo huchacha kama sukari nyingine zisizofyonzwa.

Pale gesi inapokuwa jina la ugonjwa

Tumbo la juu linalojaa upesi baada ya kula kidogo, pamoja na kiungulia au maumivu chini ya kifua, linaweza kuwa la bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kwamba husababisha vidonda vya tumbo. Barani Afrika watu wengi wanaye, na wengi wao hawana dalili. Kwa hiyo kipimo chake kifuate dalili, na mgonjwa akitibiwa atibiwe kwa mchanganyiko kamili wa dawa, si kwa kidonge cha asidi peke yake. Giardia, kimelea wa maji machafu, huleta kujaa, kubeua kwenye harufu ya mayai viza na choo laini chenye mafuta kwa wiki nyingi. Hapo hakuna chakula cha kuacha, kuna choo cha kupimwa.

Pembezoni mwa Ziwa Viktoria, kichocho cha tumbo kinachokaa mwilini kwa miaka huharibu mishipa ya ini, na tumbo hujaa maji. Homa ya ini hufanya hivyo pia. Mwanamke anayeona tumbo likikua polepole anaweza kuwa na uvimbe wa kizazi. Aliyevuka miaka 50 na kuanza kujaa tumbo karibu kila siku kwa wiki kadhaa, akishiba upesi na kukojoa mara kwa mara, apimwe saratani ya ovari mapema. Ugonjwa huo hujificha sana nyuma ya malalamiko ya gesi.

Mtu asisubiri kwenda hospitali katika hali hizi: tumbo limevimba, mtu anatapika, na choo na hewa vyote vimekata (huenda utumbo umeziba au umejisokota), damu kwenye choo au choo cheusi, kupungua uzito bila sababu, homa, macho ya manjano, au maumivu yanayomwamsha mtu usingizini. Na maumivu ya tumbo la juu au kifua yanayokuja na jasho jembamba, kukosa pumzi au kusambaa kwenye mkono na taya yachukuliwe kuwa ya moyo hadi ithibitishwe vingine. Wapo waliokufa wakinyweshwa maji ya tangawizi.

Kwa mtoto mchanga, tahadhari ni kali zaidi. Kulia jioni na kukunja miguu ni kawaida katika miezi mitatu ya kwanza, na maziwa ya mama hayahitaji kusimamishwa. Maji ya dawa za mitishamba na mvuje kabla ya miezi sita huleta hatari ya maambukizi na sumu kuliko nafuu.

Kutafuta chanzo kwa utaratibu

Dawa zilizopo zina nafasi ndogo lakini halisi. Mafuta ya minti kwenye vidonge husaidia maumivu ya utumbo wenye hisia kali. Tangawizi husaidia tumbo la juu kusukuma chakula. Kimeng'enya cha kumeza pamoja na maharage hupunguza gesi kwa baadhi ya watu. Kutembea baada ya kula husogeza gesi, na hakuhitaji fedha. Vidonge vya asidi havigusi gesi ya utumbo mpana kabisa, kwa kuwa haitokani na asidi. Vikitumiwa muda mrefu bila sababu vinaweza hata kuongeza bakteria mahali wasipostahili kuwa.

Kinachofaa zaidi ni daftari. Kwa wiki mbili, mtu aandike alichokula na saa, hali ya choo, na wakati tumbo lilipojaa. Tumbo linalojaa nusu saa baada ya kula linaelekeza kwenye kiasi, mafuta au hewa iliyomezwa. Linalojaa baada ya saa kadhaa linaelekeza kwenye uchachukaji. Linalojaa bila kujali chakula linaelekeza kwenye choo kigumu, misuli, au ugonjwa. Baada ya hapo aondoe kitu kimoja tu kwa wakati, kwa wiki mbili, kisha akirudishe. Kukirudisha ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na bila hatua hiyo hakuna kilichothibitishwa. Hata mlo wa Monash wa kupunguza FODMAP haukuundwa uwe wa maisha. Huondoa vyakula kwa wiki chache, kisha huvirudisha kimoja kimoja hadi ijulikane kipi na kwa kiasi gani.

Mwenye duka la dawa naye ana wajibu. Maswali manne yanatosha kubadilisha hukumu yake: Umepata choo lini? Unabeua au unatoa hewa kwa chini? Uzito umepungua? Una umri gani, na unatumia dawa zipi? Anayeuliza hayo atampeleka mtu mmoja jikoni kuloweka maharage, mwingine kunywa maji na kutembea, na wa tatu hospitali siku hiyo hiyo.

Kilo ya maharage inalisha familia protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi kwa fedha ambayo haifikii nusu kilo ya nyama. Mtoto wa shule anayekula ugali na maharage, mama anayejaza damu yake baada ya kujifungua, mzee mwenye kisukari: hawa wote wanapoteza kitu kikubwa tunapowatangazia kwamba maharage ni adui. Wanachohitaji ni mpishi anayeloweka, mlo unaoongezwa taratibu, na mhudumu wa afya anayeuliza kabla ya kuandika dawa.